Marafiki wa Bwawa

Siku jirani yake, Madame Régine, alipomsimamisha kwenye ngazi na kumwomba aje asaidie kuvusha les batraciens barabara, Mama Kahambu alikubali kabla hajaelewa. Alikuwa na mifuko miwili ya viazi mikononi, lifti ya jengo lao pale Anderlecht, mtaa wa Brussels, ilikuwa mbovu tangu Krismasi, na kukubali ndiyo ilikuwa njia fupi ya kufika ghorofa ya nne.

Baadaye, akimenya viazi, alilifikiria lile neno. Hakuwahi kulisikia. Lakini aliwajua les luthériens, aliwajua les presbytériens, na kwa hiyo hakuona ugumu. Les batraciens lazima ni watu wa kanisa dogo fulani, wazee, wanaokaa karibu na barabara yenye magari ya kasi, na asubuhi hawana wa kuwashika mkono. Yeye mwenyewe alikuwa Mbaptisti, lakini mzee ni mzee. Kule Butembo alikuwa katika kundi la akina mama wa kutembelea wagonjwa, na hapa Brussels kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani. Isitoshe, daktari alikuwa amemwambia atembee kila asubuhi kwa sababu ya presha.

Basi Jumamosi moja ya Machi, mwaka 1995, Mama Kahambu aliamka gizani, akavaa kitenge chake cha Jumapili na koti zito juu yake, akafunga kilemba, akajaza chai kwenye chupa, akakaanga beignets, maandazi ya kwao, za kutosha wazee ishirini. Alipanda metro mpaka mwisho wa laini, kisha basi, akashuka mahali ambapo mji ulikuwa umekwisha na ng'ombe wameanza. Madame Régine, mstaafu wa posta, mwembamba kama mwamvuli uliofungwa, alikuwa ameshafika kwa baiskeli. Pamoja naye walikuwapo watu wengine watatu wenye vizibao vya njano, wamesimama kwenye ukungu wakipiga miayo.

Mama Kahambu aliwasalimia mmoja mmoja, kisha akauliza wazee wako wapi. Madame Régine akamwonyesha ndoo.

Ndani ya ndoo kulikuwa na vyura. Walikuwa wakubwa, wa rangi ya udongo, wenye chunjua mgongoni, na wengine walikuwa wamebebana. Mama Kahambu aliwatazama kwa muda. Kisha akazitazama beignets zake. Akaomba aketi kidogo.

Madame Régine alimweleza taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza. Vyura hao waliishi mwaka mzima kwenye kichaka kile cha juu. Kila majira ya baridi yalipokwisha, usiku wa mvua, waliteremka kwenda kutaga mayai katika bwawa lililokuwa huko chini, lilelile walimozaliwa. Zamani hakukuwa na tatizo. Siku hizi katikati palikuwa na barabara, na madereva waliitumia kukwepa foleni. Ndiyo maana Marafiki wa Bwawa, chama chake, walitandaza uzio wa turubai kando ya kichaka na kufukia ndoo ardhini kando ya uzio. Chura akikuta turubai huambaa nalo, na akiambaa hutumbukia. Asubuhi watu wa kujitolea huja, huwachukua na kuwavusha.

Mama Kahambu aliuliza kwa nini wasitafute bwawa lingine upande wa huku. Madame Régine akasema hawataki. Kila mmoja anataka maji alimozaliwa, hata kama barabara itamuua.

Neno hilo ndilo lililomfanya abaki. Alikuwa ameondoka Butembo miaka sita nyuma, na alijua mtu anavyoweza kulilia maji ya kwao. Aliwagawia watu wa vizibao beignets za batraciens, wakazila zote, akapewa mabuti ya mpira na glavu, akaanza kazi akiwa bado na kilemba chake cha kanisani.

Jumatano iliyofuata alipata mwenzake. Evaline alikuwa Mtanzania, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mke wa karani mmoja wa ubalozi aitwaye Dominic. Kabla ya kuja Ulaya alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Morogoro. Wake wa watumishi wa ubalozi walikuwa wameshauriwa kila mmoja ajiunge na jambo fulani la wenyeji, ili wajuane na watu. Wa kwanza alichagua mapishi, wa pili kwaya, wa tatu kufuma. Evaline alichelewa kikaoni, na kilichobaki kilikuwa vyura. Alikuja na mkoba mkubwa wa ngozi na viatu vya kisigino kifupi, na Kifaransa chake kilikuwa bonjour na merci.

Madame Régine alifurahi kupita kiasi. Alimshika Evaline mkono, akamshika na Mama Kahambu, akawaunganisha kama anayefungisha ndoa, akasema wote wawili wanasema swahili, basi ndoo za mwisho karibu na nguzo ya simu ni zao. Kisha akaenda zake.

Kwa dakika kumi mambo yalikwenda vizuri. Halafu wakavuka barabara wakiwa na ndoo ya kwanza, wakaiweka chini ng'ambo, na Mama Kahambu akasema, "Bon, tosha."

Evaline akasimama, mikono kiunoni.

"Tosha, maman. Tosha hizi chura yote."

"Nimesikia, mama. Mimi pia naona wanatosha."

"Alors, tosha basi."

Evaline aliinama, akahesabu vyura kwa macho, akakiri tena kwa adabu kwamba ni kweli, wametosha kabisa, ndoo haiwezi kubeba zaidi. Mama Kahambu alianza kushuku kwamba amepewa mtu asiyesikia vizuri. Akapaza sauti. Evaline naye, ambaye darasani hakuwahi kupigiwa kelele, akajibu kwa upole wa kutisha kwamba hana ubishi na hesabu yake. Mwishowe Mama Kahambu aliishika ndoo mwenyewe, akailaza kwenye majani, vyura wakatoka mmoja mmoja wakijikokota.

"Kumbe ulitaka niwatoe," alisema Evaline.

"Njo nasema tangu asubui. Uwatoshe."

"Kutosha ni kuenea, mama. Kutoa ni kutoa."

"Kwenu. Kwetu ukitosha kitu, kinatoka."

Tangu siku hiyo walifanya kazi kwa tahadhari, kama watu wanaobeba kabati kwenye ngazi nyembamba. Evaline hakuweza kujizuia kusahihisha. Mama Kahambu akisema hizi chura, Evaline, akiwa ameinama na glavu zimejaa matope, alisema vyura hawa. Mama Kahambu alivumilia mara nne hivi, kisha akamwambia kwamba chura hazina shida ya grammaire, ziko na shida ya barabara. Naye alilalamika kwa wenzake kanisani kwamba amepewa mama mmoja ambaye Kiswahili chake ni cha kusomea habari redioni, hata akiomba glavu unahisi serikali imeanguka.

Lakini walipendana. Evaline aliacha viatu vya kisigino, akanunua mabuti ya kijani. Mama Kahambu alileta beignets, Evaline akaleta tangawizi ya kutia kwenye chai. Mara tatu kwa wiki walikutana kituo cha basi kabla jua halijachomoza, na njiani walizungumza habari za watoto, waume, bei ya ndizi za kupika kule Saint-Josse, na baridi ambayo haikwisha.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Ng'ambo ya barabara, upande wa bwawa, palikuwa na uzio mwingine wa turubai. Mama Kahambu aliwahi kuuliza ni wa nini. Madame Régine alikunja uso, akasema huo ni wa chama cha wengine, Waflemi, Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, hauwahusu. Wao waruke tu, wawamwage vyura kwenye majani nyuma yake, warudi. Kulikuwa na kijia kinachoteremka mpaka majini, lakini kilikuwa tope tupu, na kilikuwa katika eneo la wale wengine. Baadaye mmoja wa watu wa vizibao alimnong'oneza Mama Kahambu kwamba chama hicho cha pili nacho kinaitwa Marafiki wa Bwawa, kwa Kiholanzi, na kwamba marafiki hao na marafiki hawa hawajasemezana tangu walipogombana juu ya kibao, lugha ipi ikae juu na ipi chini. Kibao chenyewe hakijawahi kusimamishwa. Wakagawana saa: hawa alfajiri, wale baadaye.

Wiki ya pili, katika ndoo ya karibu na nguzo ya simu, Mama Kahambu alitoa chura mmoja mnene mwenye chongo. Jicho la kushoto lilikuwa limeziba, jeupe kama punje ya mchele. Chura huyo hakurusha miguu kama wengine. Alikaa kwenye kiganja akitazama mbele kwa jicho moja, mzito, asiye na haraka. Evaline alimpa jina la Balozi, na akamwomba Mama Kahambu jina hilo lisije likafika masikioni mwa Dominic.

Wakamvusha. Jumapili wakamkuta tena kwenye ndoo ileile, upande wa kichakani.

Evaline alidhani ni chura mwingine. Wakamvusha. Jumatano alikuwapo.

"Huyu njo ule," Mama Kahambu alisema polepole. "Nilimubeba mimi mwenyewe. Anarudiaka namna gani?"

Hawakumwambia mtu. Madame Régine alikuwa na furaha zake: kila siku ndoo zilijaa zaidi, na alitangaza kwamba tangu aanze kazi hii hajaona mwaka wenye vyura wengi hivi. Alikuwa amemwalika diwani wa wilaya aje Jumapili ya wiki iliyofuata kushuhudia. Hapakuwa na nafasi katika furaha hiyo ya kuingiza chura chongo anayevuka barabara peke yake usiku ili apate kuvushwa tena asubuhi.

Lakini Mama Kahambu hakulala vizuri. Ijumaa, baada ya maombi katika ukumbi wao wa Saint-Josse, juu ya duka la vitambaa, alimweleza maman Gracieuse, aliyeongoza kundi la wanawake na ambaye hakuna jambo lililowahi kumkuta bila jibu. Maman Gracieuse alitaka kujua ni jicho lipi. Aliposikia ni la kushoto, alivuta pumzi kupitia puani. Alisema mnyama anayekutokea mara tatu ametumwa, na aliyemtuma anakujua kwa jina. Akauliza kama kazini kuna mtu anayemwonea wivu. Mama Kahambu alifikiri, akakumbuka mfanyakazi mmoja wa Liège aliyetaka zamu yake. Hapo maman Gracieuse akamtolea kichupa cha mafuta ya zeituni yaliyoombewa, na kumwagiza ampake chura huyo kichwani kwa jina la Bwana.

Mama Kahambu aliona aibu kidogo. Alikuwa mtu mzima aliyesoma, na alijua kwamba Evaline angecheka. Hata hivyo Jumapili alikwenda na kichupa kwenye mfuko wa koti, na Balozi alikuwapo, chini ya ndoo, jicho moja juu. Alimngoja Evaline ainame kwenye ndoo ya pili. Akavua glavu, akamshika chura mkono wa kushoto, akafungua kichupa kwa meno, akammwagia. Alikusudia tone, lakini nusu ya kichupa ikamwagika.

Chura mkavu hushikika. Chura aliyepakwa mafuta ya zeituni hakuna binadamu anayeweza kumzuia. Balozi, ambaye wiki nzima hakuwa ameonyesha haraka yoyote, alichomoka kama sabuni bafuni. Mama Kahambu aliona kitu cheusi kikipita hewani, akasikia kikianguka mahali, na alipotazama chini hakuona chochote isipokuwa majani na mkoba wa Evaline uliokuwa wazi kando ya nguzo. Alitafuta kwenye majani, huku akijifanya anatafuta glavu. Hakumpata. Akajiambia kwamba mafuta yamefanya kazi na pepo amekwenda zake.

Kazi ilipokwisha, wale wa vizibao waliondoka. Madame Régine alibaki peke yake kurekebisha turubai lililolegea mwisho wa kichaka, na wanawake wawili wakaenda kituoni. Jumapili basi lilikuja mara moja kwa saa. Lilipofika Evaline alitangulia, akafungua mkoba atoe tiketi, na kutoka kati ya pochi na leso kikapanda taratibu kichwa kinachong'aa, chenye jicho moja.

Evaline hakupiga kelele. Alisimama tu, mkoba umefunguliwa mbele ya dereva, kama mtu anayeuza kitu. Dereva alichungulia. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyeendesha mabasi ya Brussels miaka mingi, kwamba mbwa wanaruhusiwa wakifungwa kamba. Kuhusu huyu hajapewa maelekezo, lakini hataondoa gari chura akiwa ndani. Mama Kahambu alimtafsiria. Evaline alijibu kwamba humo mna kitambulisho chake cha ubalozi, na hataingiza mkono. Abiria wakaanza kuguna. Wakashuka wote wawili, basi likaenda.

Hapo kituoni Evaline aliuliza, akitazama mbali, kwa nini chura amepakwa mafuta.

Mama Kahambu alimweleza yote: maman Gracieuse, jicho la kushoto, yule mtu wa Liège. Alikuwa tayari kuchekwa. Evaline hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe tangu Jumatano analala taa ikiwaka, na kwamba amemwandikia mama yake Morogoro kuuliza chura chongo maana yake nini.

"Donc na weye uko unaogopa," Mama Kahambu alisema.

"Sana, mama."

Wakawa wameshikana mikono bila kujua nani aliyeanza. Basi la pili lingekuja baada ya saa nzima. Waliamua kumrudisha Balozi bwawani, maana hata aliyetumwa hawezi kukaa kwenye mkoba wa ngozi. Evaline aliubeba mkoba kwa kuunyoosha mkono mbele, na wakarudi barabarani kwa mwendo wa mazishi.

Walipokaribia nguzo ya simu waliona watu. Walikuwa wanne, wamevaa vizibao vya kijani, na kila mmoja alikuwa na ndoo. Walikuwa upande wa bwawa, kando ya ule uzio wa pili, wakiinama na kuchomoa ndoo zilizofukiwa ardhini kama zile zao. Kisha, mbele ya macho ya wanawake hao wawili, walitazama kushoto na kulia, wakavuka barabara, wakafika kichakani na kuwamwaga vyura chini ya miti, taratibu, kwa mapenzi, mmoja wao hata akiwaaga kwa mkono.

Mama Kahambu alisimama katikati ya barabara. Aliangalia kichaka, akaangalia bwawa, akaangalia tena kichaka. Vyura waliomwagwa nyuma ya uzio asubuhi, wakiwa wamechanganyikiwa, waliambaa na turubai. Wakatumbukia kwenye ndoo za hawa. Hawa wakaona vyura wametoka bwawani, wamemaliza kutaga, wanataka kwenda kulala. Wakawarudisha kichakani. Usiku wakateremka. Asubuhi Madame Régine akafurahi.

Hapakuwa na aliyemtuma Balozi. Balozi alikuwa anasafirishwa na vyama viwili.

Evaline aliketi kwenye nyasi za kando ya barabara na kucheka mpaka machozi yakamtoka, mkoba ukiwa bado umenyooshwa mbele. Mama Kahambu hakucheka bado. Kwanza alimwomba Mungu msamaha kuhusu yule mtu wa Liège.

Wakati huohuo Madame Régine aliinuka kutoka nyuma ya turubai lake, kamba mdomoni, akakutana uso kwa uso na mtu mrefu mwenye ndevu na ndoo tupu. Huyo alikuwa Joris, fundi umeme, kiongozi wa Marafiki wa Bwawa wa Kiholanzi. Walitazamana. Joris alijua Kifaransa vizuri. Kila siku alitengeneza umeme kwa wateja wa Kifaransa. Madame Régine alijua Kiholanzi. Mama yake hakuwa na lugha nyingine. Lakini mahali pale, baada ya habari ya kile kibao, kila mmoja alikuwa ameapa kutosema lugha ya mwenzake. Madame Régine akasema la kwake kwa Kifaransa, Joris akasema la kwake kwa Kiholanzi, na kila mmoja akangoja kana kwamba hakuelewa.

Ilibidi mtu aingie kati, na Mama Kahambu ndiye aliyekuwa barabarani. Kifaransa alikijua. Kiholanzi alikuwa nacho kidogo, alichofundishwa na mgonjwa wake, papa Jean-Baptiste, mzee wa miaka tisini asiyetoka kitandani. Kilikuwa Kiholanzi cha kulishia uji na kuogeshea, na Mama Kahambu hakujua kingine. Alipanga maneno aliyokuwa nayo, akamgeukia yule mwanamume mwenye ndevu, akamshika mkono jinsi alivyozoea.

"Mpenzi wangu," alimwambia. "Usiogope. Chura hajamaliza. Chura anataka kuoga. Wewe unamrudisha kitandani."

Vizibao vya kijani vyote vilimgeukia Joris. Joris aliishusha ndoo chini. Alitazama ndoo yake, kichaka, kisha bwawa, na masikio yake yakawa mekundu polepole. Alikuwa ameelewa kila kitu. Hakuna aliyewahi kumweleza jambo kwa uwazi namna ile.

Madame Régine naye alielewa, na kwa kuwa naye aliona aibu, akakasirika. Alisema mengi kwa Kifaransa kuhusu watu wanaofukia ndoo mahali pasipofaa na ambao hata kibao tu kiliwashinda. Mama Kahambu alimgeukia Joris na kumwambia kwamba madame anamtakia asubuhi njema, na anauliza kama amekula. Joris, aliyesikia kila neno la kweli, alifikiri kidogo, akajibu kwa Kiholanzi kwamba kama madame asingekuwa mvivu wa kuteremka mpaka majini, yasingetokea haya. Mama Kahambu akamwambia madame kwamba bwana anasema ameshakula, asante, na anamsifu kwa uzio wake mzuri.

"Wanasema nini?" Evaline aliuliza kutoka nyasini.

"Banasemezana mambo ya zamani," Mama Kahambu alimjibu. "Inaisha sasa hivi."

Madame Régine aliikunja kamba yake mkononi. Kisha akasema, taratibu zaidi, kwamba ni kweli uzio umefungwa vizuri mwaka huu, pande zote mbili. Hilo Mama Kahambu hakuwa na haja ya kulibadilisha.

Waliamua kuteremka mpaka majini. Waliwaokota vyura waliokuwa wametoka kumwagwa chini ya miti, watu wa vyama vyote viwili wakiinama pamoja, wakavuka barabara kwa msafara mmoja, wakaingia kwenye kijia. Tope lilikuwa kama walivyosema. Madame Régine alikiri njiani kwamba ana miaka kadhaa hajaliona bwawa. Joris alikiri kwamba yeye huliona kwa mbali tu, kutoka kwenye uzio.

Bwawa halikuwa kubwa. Miti ya mierebi iliyokatwa vichwa ililizunguka, na vitawi vyake vipya vilikuwa vya manjano kwenye jua. Evaline aliufungua mkoba juu ya maji na kuupindua. Pochi ilianguka, leso ikaanguka, na mwisho Balozi, ambaye alielea kidogo akiacha duara la mafuta lenye rangi za upinde wa mvua, kisha akapiga teke moja na kuzama. Joris aliingia majini kuiokoa pochi.

Karibu na ukingo, ndani ya maji, kulikuwa na nyuzi ndefu zilizozungushwa kwenye mabua ya matete, zenye vidoti vyeusi, kama shanga. Vyura wachache waliokuwa na bahati ya kukwepa vyama vyote viwili walikuwa wameshataga. Mama Kahambu alisogea aone vizuri. Hakuwahi kufikiri kwamba mayai ya chura ni kitu kizuri. Alisogea tena, na mguu wake wa kulia ukazama mpaka gotini.

Alijaribu kuutoa, ukazama na wa kushoto. Kitenge kilitanuka juu ya tope kama mwavuli. Joris alimshika mkono mmoja, Madame Régine mwingine, na kila mmoja akaanza kuvuta upande wake kwa hesabu yake, huyu kwa Kiholanzi na huyu kwa Kifaransa, kwa hiyo hawakuvuta pamoja hata mara moja. Mama Kahambu alizidi kushuka. Alimwita Evaline, aliyekuwa akianika kitambulisho chake kwenye tawi.

"Maman Eva, kuja unitoshe humu."

Evaline alikuja. Alisimama nyuma yake, akamkumbatia kiunoni, akawatazama wale wawili kama alivyokuwa akilitazama darasa la kidato cha pili saa nane mchana, akahesabu kwa sauti kubwa moja, mbili, tatu, kwa Kiswahili. Wote walivuta. Mama Kahambu alitoka kwa mlio ambao wote walijifanya hawakuusikia, soksi tupu, na mabuti yote mawili yakabaki humo mpaka leo.

Jumapili iliyofuata diwani alikuja na tai, akatembezwa kwenye ndoo moja baada ya nyingine. Ndani ya zote mlikuwa na vyura watatu. Aliuliza kwa upole wako wapi wale wengi alioandikiwa. Madame Régine alimwambia kwamba wamefika. Diwani hakuelewa, lakini aliona vizibao vya njano na vya kijani vimesimama pamoja, jambo lililokuwa limeishinda wilaya, akatoa hotuba fupi katika lugha zote mbili na kula beignets nne.

Mwaka uliofuata Dominic alihamishiwa Stockholm, na Evaline akaandika kutoka huko kwamba Waswidi nao wana vyura, na wana utaratibu mzuri sana, na haoni raha. Mama Kahambu aliendelea mpaka magoti yalipokataa. Chama kikawa kimoja, ndoo zikawa za upande mmoja, na kila mtu aliteremka mpaka majini. Kibao kilisimamishwa hatimaye. Kwa kuwa hawakuafikiana lugha ipi ikae juu, walichora chura tu.